Rangi ya Geti

Stika ya ukaguzi iliyokuwa kwenye kioo cha pikapu yetu ilikuwa inaisha Jumapili. Wiki hiyo niliisoma mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote tangu niache shule. Nilikuwa nikikaa kwenye usukani kabla ya kuwasha injini, naisoma. Nikisimama kwenye msongamano, naisoma tena. Tarehe ilikuwa ni ile ile.

Miaka mingine nisingehangaika hivyo. Lakini shule ninayoipelekea mboga kule Ruiru ilikuwa imepata mwalimu mkuu mpya, na mwalimu huyo alikuwa amebandika karatasi getini: kuanzia Jumatatu, gari la mizigo lisilo na stika halali ya ukaguzi lisiingie. Mpishi mkuu, mama mmoja mnene mwenye roho safi, alinivuta kando ya stoo akanieleza bila kunizungusha.

"Auntie, kuna mtu wa lori ya kanta amekuja mara mbili kuuliza hii kazi. Ako na stika mpya kabisa. Usinifanye nianze kuzoea mtu mwingine."

Kazi hiyo ndiyo inayomweka kitinda mimba wetu chuoni. Ikitoka mikononi mwangu, anarudi nyumbani kabla ya kumaliza, na mimi najua kurudi nyumbani kabla ya kumaliza kukoje. Nilirudi nikiwa kidato cha pili, mwaka ambao mama alikufa. Baba alimfuata mwaka uliofuata, nami nikabaki na mdogo wangu wa kiume, na huyo kitinda mimba, msichana mdogo, na pikapu ya baba.

Kwa miaka yote niliyoiendesha, sikuwahi kuipeleka kwenye ukaguzi mwenyewe. Pale mtaa wa Landless tunakoishi kulikuwa na broka. Unampa karatasi za gari asubuhi, unamwachia na gari, jioni anakuletea stika. Mchana kutwa pikapu ilikuwa ikikaa nyuma ya nyumba yake, chini ya kamba za nguo, na nilikuwa naiona nikipita kwenda dukani. Sikuuliza. Nilichukulia kwamba mambo ya serikali hufanyika mahali ambapo mtu kama mimi hafiki, na kwamba kuna watu wanaojua njia ya kufika huko.

Mwaka huu nilimpigia simu Jumatatu asubuhi, mchana na jioni. Haikushika. Jumanne alfajiri nilienda kwake. Mlango ulifunguliwa na mpangaji nisiyemjua, mswaki mdomoni, akaniambia yule mtu alihama tangu kabla ya Pasaka na hata watu wake wenyewe wanamtafuta.

Siku hiyo nilipomaliza kushusha mboga shuleni, niliingia saiba, duka la intaneti lililo karibu na stendi ya Ruiru. Msichana wa hapo alinifungulia ukurasa wa ukaguzi, akajaza vitu haraka haraka, kisha akasimama.

"Mum, unataka kituo gani?"

"Niangalizie cha karibu. Hata sijui viko wapi."

"Unakaa wapi?"

"Thika. Landless."

Akanitazama, akatazama kompyuta, akanitazama tena. "Kiko Thika."

"Thika wapi?"

Akanigeuzia ramani. Ukivuka reli, ukifuata ukuta wa viwanda, geti la bluu mkono wa kushoto. Nililijua geti lile. Nilikuwa nimelipita karibu kila siku tangu nijifunze kuendesha. Nilidhani ni mahali polisi wanapoweka magari yaliyopata ajali.

"Na ukatoka huko mpaka Ruiru kuniuliza," akasema, na akacheka mpaka mteja wa pembeni naye akacheka. "Aki mum! Basi nimekuwekea Alhamisi, saa tatu asubuhi. Usichelewe, ni hapo nyumbani kwako."

Jumatano niliipeleka pikapu kwa fundi aliye upande wa Kiandutu, barabarani, mwanamume anayefanya kazi akiwa amelala chali zaidi ya akiwa amesimama. Alibadilisha vitambaa vya breki, akakaza breki ya mkono, akatazama taa. Kila alipomaliza kitu nilimwomba akitazame tena. Nilichutama kando ya gurudumu, nikasimama, nikazunguka, nikachutama. Mwishowe akatoa kichwa chini ya gari.

"Madam, nenda ukanunue chai. Breki ya gari iko sawa. Wewe ndio unahitaji kukazwa."

Sikwenda kunywa chai. Nilienda kununua kizima moto na pembetatu ya kuweka barabarani gari likiharibika, maana niliambiwa huwa wanaziulizia, kisha nikarudi nikasimama palepale.

Alhamisi nilifika saa moja na nusu. Kulikuwa na foleni tayari: malori, mabasi mawili ya shule, kanta moja ambayo niliitazama kwa chuki ingawa haikuwa ya yule mtu. Kijana mmoja mwenye kofia aliinama dirishani.

"Siste, dere ako wapi?"

"Dereva ni mimi."

"Sawa basi, dere. Toa kitu nikuingize ya kwanza."

"Nina miadi."

"Miadi hapa kila mtu ako nayo. Ata huyo mbuzi," akasema, akionyesha mbuzi aliyefungwa nyuma ya lori. Wenzake wakacheka, akaenda kwa gari lingine. Nilishuka nikatazama magurudumu. Nikapanda. Nikashuka nikahakikisha kizima moto kiko chini ya kiti. Mwenye basi la shule aliyekuwa nyuma yangu akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Mkaguzi alikuwa mzee kidogo, koti la kazi la kijivu, tochi mfukoni, miwani imepandishwa kwenye paji la uso. Hakuwa na maneno mengi. Aliniambia nipandishe magurudumu ya mbele kwenye mashine ya breki. Kanyaga. Achilia. Kanyaga tena. Sogea, sasa ya nyuma. Vuta breki ya mkono. Kisha akashuka kwenye shimo na tochi yake, na mimi nikabaki juu nikisikia akigonga vyuma kimoja kimoja chini ya miguu yangu. Alipotoka alikuwa anajifuta mikono.

"Breki nzuri," akasema. "Nani alikufanyia?"

Nilitaka kumwambia mengi, nikasema tu, "Fundi."

Akachukua karatasi za gari na kwenda kusimama mbele ya boneti. Akashusha miwani. Akasoma, akatazama gari, akasoma tena. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitarajia. Akakwaruza ubavu wa mlango kwa ukucha wa kidole gumba.

"Madam, hii gari ni rangi gani?"

"Kijani."

"Hapa imeandikwa nyeupe."

Nilichukua ile logbook, hati ya usajili wa gari. Ni karatasi niliyoishika mara nyingi. Nilijua mahali ilipokunjwa, nilijua doa la chai. Lakini kila nilipoifungua nilifika kwenye jina la baba na sikuendelea chini. Chini kidogo, kweli, palikuwa na neno nyeupe kwa Kiingereza, wazi kabisa.

"Na tena hii si rangi ya gari," mkaguzi akasema. "Hii ni rangi ya geti."

"Ni ya geti," nikasema. Sikuona haja ya kubishana na mtu anayejua kazi yake.

Ilikuwa nyeupe, ndiyo. Ndiyo pikapu iliyomtoa baba mochari na kumpeleka shambani kwa guka, babu yetu, kuzikwa. Baba mdogo ndiye aliyeendesha. Jeneza lilikaa nyuma, mahali baba alipokuwa akipanga magunia ya kabeji, na sisi watatu tulikaa tumelishika ili lisisukumwe na matuta. Tulipita katikati ya soko kwa sababu ndiko njia iliko, na wanawake waliokuwa wakimpa baba mizigo walisimama kwenye meza zao kimya.

Wiki mbili baadaye baba mdogo alianza kuiegesha sokoni asubuhi ili apate kazi. Hakuna aliyempa hata kikapu. Nilikwenda mwenyewe kuuliza. Mama mmoja wa kabeji, rafiki wa mama yangu, ndiye aliyekuwa na moyo wa kunijibu. Alinishika mkono.

"Mami, hakuna mtu ana ubaya na nyinyi. Lakini tumeona alilala pale. Kabeji yangu italalaje pale pale, na watu waile?"

Hakuna aliyesema ni mwiko. Hakuna aliyetaja dawa wala maombi. Ilikuwa tu kwamba kila mtu akiitazama pikapu ile nyeupe aliona jeneza. Baba mdogo alisema tuiuze. Nilikataa, maana baada ya kuiuza tungekula ile pesa, na baada ya kuila tungebaki na nini? Basi akasema, "Kama hamuuzi, ibadilisheni sura."

Jirani alikuwa amepaka geti lake na akabaki na mikebe ya rangi ya kijani kibichi. Tuliipaka Jumamosi moja, watoto watatu na brashi mbili. Mimi boneti na paa, mdogo wangu wa kiume ubavu na nyuma. Kitinda mimba, aliyekuwa na miaka tisa, alipewa mlango wa abiria ili anyamaze, na akaupaka kwa bidii mpaka akapaka na kishikio chake, ndani na nje, mara tatu. Kishikio kiligandia pale pale. Tangu siku hiyo mlango ule ulifunguliwa kutoka ndani tu.

Jumatatu iliyofuata soko lilianza kutupa mizigo. Hakuna aliyedanganyika. Nambari ilikuwa ile ile, dereva yule yule, mlio ule ule wa injini. Yule mama wa kabeji alipakia wa kwanza na akasema, "Gari yenu mpya ni safi," na mimi nikajibu, "Asante," na tangu siku hiyo hatukuzungumzia jambo lile tena. Baadaye baba mdogo aliporudi shambani, nilijifunza kuendesha nikaichukua mimi.

Haya yote sikumwambia mkaguzi. Aliniuliza, "Mwenye gari yuko wapi? Aje aombe rangi ibadilishwe kwenye logbook."

"Alikufa. Alikuwa baba yangu."

"Pole. Lini?"

"Miaka kumi."

Akatazama kule kwenye foleni. "Basi hiyo ni mambo ya korti, uandikwe wewe kama mrithi. Ni vizuri uanze. Lakini haiwezi kuisha hii wiki, wala huu mwezi." Akaandika kwenye fomu. Niliona mkono wake ukiweka alama kwenye kisanduku cha kufeli. "Njia fupi ni moja. Irudishe nyeupe. Jumamosi niko hapa mpaka saa sita mchana. Breki nimeona, sitarudia. Nitatazama rangi tu."

Nje ya geti yule kijana wa kofia alikuwa akiningoja kama mtu aliyeona sinema hiyo zamani.

"Si nilikuambia, dere? Toa kitu. Jioni stika iko kwa kioo, na gari ibaki hiyo kijani yako."

Nilizima injini. Nilikaa pale kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Sikuwa mgeni wa stika za namna hiyo. Nilikuwa nimezitembeza barabarani miaka mingi, nikiwa na mboga za watoto nyuma, bila mtu yeyote kutazama kama nitasimama nikikanyaga breki. Asubuhi hiyo mtu alikuwa ametazama. Alikuwa ameingia kwenye shimo na tochi akatoka akasema ni nzuri. Sikuweza tena kutaka stika ya mtu ambaye hajatazama.

"Wacha tu," nikamwambia.

"Utarudi."

"Nitarudi Jumamosi. Lakini si kwako."

Nilimpigia simu ndugu yangu, yule mdogo wangu wa kiume. Yeye hupaka rangi nyumba za kupangisha kule Ruiru, na siku zote husikika kama mtu anayeongea akiwa juu ya ngazi, kwa sababu yuko juu ya ngazi.

"Mkubwa, unajua unasema nini?" Hivyo ndivyo wananiita, Mkubwa.

"Najua."

"Wale wamama wakiiona nyeupe tena? Utapata ya shule, upoteze ya soko."

"Najua."

"Unasema tu najua, najua."

"Leta msasa na thina ya kutolea rangi. Na nyeupe ya gari, tafadhali, si ya ukuta."

Hilo la soko ndilo lililokuwa likinila. Bila stika sitaingia shuleni. Lakini mboga za shule nazinunua sokoni, na mizigo inayojaza pikapu ikirudi ni ya soko. Nikiwa na stika na soko likanikataa, ningekuwa nimefungua geti moja na kufunga jingine.

Ijumaa alfajiri tulianza, uani, mimi na yeye. Kitinda mimba alifika saa nne kutoka chuoni, akatutazama, akainua mikono.

"Mimi nimefanya kucha jana tu."

"Shika msasa," ndugu yangu akasema. "Wewe ndiye uliharibu mlango."

Rangi ya geti haitoki kwa urahisi. Inavimba ukiimwagia thina, inakunjamana kama ngozi ya maziwa, kisha unaikwangua na inatoka kwa vipande virefu. Chini yake nyeupe ya baba ilikuwa imegeuka kidogo, kama maziwa ya jana, lakini ilikuwepo. Tulikuwa tunaongea mwanzoni. Ilipotokea sehemu ya nyuma, ule ubao wa kubebea mizigo, tuliacha kuongea. Majirani walipita. Mmoja alisimama akaweka ndoo chini, akatazama, akaiinua ndoo akaenda zake. Kila aliyepita nilitazama uso wake kwanza, kisha nikarudi kukwangua kwa nguvu zaidi.

Mchana tukasikia kitinda mimba akipiga kelele. Alikuwa amekaa chini akichonga kishikio cha mlango wa abiria kwa bisibisi, na kucha zake mbili zilikuwa zimevunjika. Alivuta. Kikalia *tk*, na mlango ukafunguka kutoka nje.

"Nimetengeneza!" akasema. "Miaka kumi mnanilaumu, nimetengeneza!"

Pale ambapo chuma kilikuwa kimebaki uchi, ndugu yangu alipaka nyeupe mpya. Usiku kukanyesha. Jumamosi asubuhi sehemu zile zilikuwa bado zinanata, na saa zilikuwa zinakimbia. Alisema tungoje. Nikangoja nikizunguka gari, nikipuliza kwa mdomo kama mtu anayepoza uji. Saa tano nikashindwa. Niliendesha polepole ili vumbi lisishike, na pikipiki zilinipita zikinipigia honi, na nilifika geti la bluu ikiwa imebaki nusu saa.

Mkaguzi alitoka akitafuna kitu. Alizunguka gari mara moja. Akagusa bawa la mbele, juu ya gurudumu, kisha akatazama kidole chake. Kilikuwa cheupe, na kwenye bawa palikuwa na alama yake.

"Haijakauka."

"Hukusema iwe imekauka."

Alinitazama juu ya miwani. Kisha akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka, akajifuta kidole kwenye koti na akatia sahihi. Niliibandika stika mwenyewe, na niliibonyeza pembe zote nne, halafu nikazibonyeza tena.

Jumapili kanisani sikusikia mahubiri.

Jumatatu niliingia sokoni kabla hapajapambazuka vizuri. Niliegesha pembeni, mbali kidogo na meza, kama mtu aliyekuja tu kutembea. Sikuzima injini. Wanawake waligeuka mmoja baada ya mwingine. Kilikuwa kimya kile kile cha siku ya jeneza, nilikikumbuka mgongoni. Yule mama wa kabeji, ambaye siku hizi anatembea akijishika kiuno, aliacha meza yake akaja. Alizunguka pikapu. Alisimama nyuma akatazama ubao wa mizigo kwa muda, midomo yake ikisogea, na sikujua anaomba au anahesabu kabeji. Akaja dirishani.

"Ni serikali ilisema irudi hivi?"

"Ndiyo, mama. Logbook inasema nyeupe."

"Mm." Akatazama mahali nilipokuwa nimeegesha. "Lakini baba yako hakuwa anaegesha hapa. Alikuwa anaegesha pale, karibu na nguzo ya stima. Mbona unanifanya nibebe kabeji mpaka huku? Sogeza gari, mami."

Niliisogeza. Mkono wangu ulikosa gia mara mbili. Alipakia wa kwanza, kama zamani, kisha akafungua mlango wa abiria kutoka nje, bila hata kujua kwamba kwa miaka kumi haukuwa unafunguka, na akaniwekea pale kitini nyanya za kumpelekea mpishi kama salamu.

Ruiru nilifika jua likiwa limetoka. Soja, mlinzi wa geti la shule, alitoka na daftari lake, akainama akasoma stika kwa kidole, neno kwa neno. Kisha akasimama wima akaniangalia kwa shaka.

"Auntie, iko sawa. Lakini ile ya kijani iko wapi?"

"Ni hii."

"Wacha mchezo." Akaenda nyuma akasoma nambari ya gari, akarudi mbele akasoma tena. Nilikuwa nimeshika usukani kwa mikono yote miwili, injini ikinguruma, mguu kwenye breki. Akatikisa kichwa, akaenda kuvuta komeo, na geti likaanza kufunguka. Lilikuwa la kijani kibichi, rangi ile ile tuliyoikwangua, na kwa mara zote nilizolipita sikuwa nimewahi kuiona.